Malipo

Shuleni, mwalimu akitaka kumtukana mwanafunzi bila kutumia tusi, alimwambia, "Wewe unakariri kama kasuku." Darasa linacheka, na wewe unakaa chini umenywea. Mimi niliambiwa hivyo mara kadhaa, maana nilikuwa hodari wa kuhifadhi mashairi ya watu kabla sijajua kutunga yangu. Kwa hiyo kasuku nilimfahamu kama tusi miaka mingi kabla sijamjua kama ndege. Sasa namjua. Nimemlisha kwa bomba la sindano, nimempima kwa gramu, nimemwamkia alfajiri kuliko nilivyowahi kuamka kwa ajili ya mtihani wowote. Na kama yuko mwalimu anayesoma jarida hili, namwambia kwa heshima zote: hajawahi kumwona kasuku akijifunza kula.

Ilivyokuwa ni hivi. Mzee mmoja wa Upanga alikuwa anaoza binti yake, akataka shairi la kusomwa ukumbini. Beti arobaini, vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita, na majina ya ukoo mzima yaingie humo bila kubanana. Tukakubaliana elfu themanini. Nilikesha siku tisa. Jina la babu wa bwana harusi lilikuwa na silabi sita, na wewe unayetunga unajua maana yake nini kwenye nusu mstari wa mizani nane. Shairi likasomwa, shangazi wawili wakalia, watu wakatunza. Nilipokwenda kudai changu, mzee akanishika mkono akanipeleka uani, kwenye vizimba vyake vya ndege, akafungua kisanduku cha mbao na kutoa kitu ambacho sikujua nikiiteje.

Kilikuwa na kichwa kikubwa kuliko haki yake, tumbo la waridi, na vijiti vya manyoya vimemtoka mwili mzima kama mswaki uliochakaa. Kiliponiona kikaanza kuyumba kulia na kushoto huku kinafoka kama nyoka. "Huyu sokoni hapungui laki na nusu," mzee alisema. "Nakupa kwa themanini yako. Faida kwako." Ndugu msomaji, wewe mwenzangu unayeandika unajua jinsi tunavyolipwa. Tunalipwa kwa asante, kwa soda, kwa "jina lako litatajwa ukumbini." Kulipwa kwa kinda la ndege lilikuwa jambo jipya, lakini siwezi kusema lilinishangaza sana. Nikampokea. Mdogo wangu alipoambiwa habari nzima alicheka mpaka akakaa chini, ndiye akampa jina: Malipo.

Kabla sijaondoka niliuliza kama ametolewa porini. Mzee akanionyesha wazazi. Wauzaji wanamwita kokateli, ni jamii ya kasuku kutoka Australia, kijivu mwilini, uso wa njano kwa dume, mashavu ya rangi ya chungwa, na kishungi kichwani kinachopanda na kushuka kufuatana na moyo wake. Wanazaliana vizimbani bila shida. Jike hutaga mayai manne hadi saba, na yanaanguliwa baada ya siku kumi na nane mpaka ishirini na moja hivi. Kinachonifurahisha ni kwamba baba ndiye anayeatamia mchana, mama anachukua zamu ya usiku. Kwa baba wa mtaani kwetu hiyo ingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Yule baba alikuwa amesimama mlangoni mwa kisanduku anatuangalia, kishungi kimesimama wima.

"Mbona umemtoa mapema?" nikamwuliza mzee. Malipo alikuwa na siku ishirini, hajui kula, hajui kuruka, hata kusimama vizuri alikuwa bado. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto: kinda akilelewa na wazazi wake anakuwa ndege tu. Ukimlea wewe kwa mkono wako, atakuona wewe ndiye mama, atakupenda. Ndiyo maana bei yake iko juu.

Maneno hayo niliyabeba kwenye daladala pamoja na boksi.

Mzee alinipa vitu vitatu: bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, unga wa kulishia makinda kwenye mfuko wa nailoni, na sentensi moja, "Mpe uji wa vuguvugu." Nataka tusimame kidogo kwenye hilo neno, maana ndilo lililoninyima usingizi. Vuguvugu ni kiasi gani? Chai ya vuguvugu ya mama yangu inaunguza ulimi. Maji ya vuguvugu ya kuoga ya mdogo wangu ni yale yaliyopitiwa na jua. Sisi tunaoshinda na maneno tunapenda kusema lugha yetu imejitosheleza, na imejitosheleza kweli, lakini siku ile niligundua kuwa naweza kumuua kiumbe kwa neno ambalo kila mtu analielewa kwa namna yake.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja aliyesoma udaktari wa mifugo kule SUA, Morogoro, ambaye ana kibanda cha dawa za kuku karibu na kwetu Magomeni. Kasuku hakuwahi kutibu zaidi ya wawili watatu, lakini alisema ndege ni ndege. Akanipa namba. Uji uwe kati ya nyuzi 39 na 41. Ukishuka sana, kinda atakataa, au atakula na chakula kitalala bila kusagika. Ukifika 43 na zaidi unaunguza gole, yaani ule mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo, na ubaya wake ni kwamba huoni kitu siku hiyo. Unakuja kuona baada ya siku kadhaa, ngozi inapokufa na kutoboka, uji unavuja kifuani. Ukichemsha kwa maikrowevu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu uji unakuwa na madonda ya moto katikati wakati pembeni umepoa. Koroga, pima, koroga tena, pima tena.

Kipimajoto cha jikoni hatuna. Tulichokuwa nacho ni kile cha homa, ambacho namba zake zinaanzia 32 na kuishia 42. Nikakiosha na kukitia kwenye kikombe. Kumbe chakula cha Malipo kilitakiwa kiwe na joto la mtoto mwenye homa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kauli ya nyumbani: "Uji umeshashikwa na homa?" Ukishashikwa, nagonga kijiko mara tatu kwenye ukingo wa kikombe kukung'uta, naanza kazi.

Na kazi yenyewe si mchezo. Wazazi wake wanamcheulia: wanashika mdomo wake kwa mdomo wao, wanatikisa, anapokea. Kinda akiguswa pembeni mwa mdomo anaanza kutikisa kichwa juu chini kwa fujo, na hapo ndipo koo la hewa linajifunga na chakula kinapita salama. Ukimlisha wakati hatikisi, anapaliwa. Binadamu akipaliwa anakohoa, anapigwa mgongoni, watu wanacheka. Kinda akipaliwa anaweza kufa mkononi mwako ndani ya dakika chache, au akaonekana mzima halafu mapafu yakaoza ndani kwa ndani. Kwa hiyo unaingiza bomba upande wa kushoto wa mdomo wake ukilielekeza kulia, kwa kuwa njia ya chakula iko upande wa kulia wa shingo. Unasukuma kwa mwendo wake yeye. Akiacha, unaacha. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka hivi kwamba nusu ya uji iliishia kichwani kwake, na ukikauka unakuwa kama simenti.

Dada anayeoka keki nyumba ya tatu aliniazima mizani yake. Gramu 74. Mlo mmoja ni kama sehemu ya kumi ya uzito, kwa hiyo mililita saba na ushee, mara nne kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa tano, saa kumi, saa nne usiku. Gole likijaa linakuwa laini kama puto lililopulizwa nusu. Likiwa gumu kama ngoma, umezidisha. Na walau mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku, lazima litupu kabisa. Niliandika yote haya kwenye daftari langu la mashairi kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mpaka leo kuna kurasa ambazo upande mmoja ni ubeti ambao haukumalizika na upande wa pili ni gramu.

Mama hakutaka kumgusa. "Hujazaa umeshaanza kulea," alisema, akapita. Alikuwa na sababu za kulalamika, maana nyumba yote ilibadilika. Moshi wa mkaa ukahamia nje. Dawa ya mbu ya kuchoma ikafungiwa kabatini, tukarudi kwenye chandarua. Kikaango kile cheusi kisichogandisha mayai nacho kikafichwa, kwa sababu kikipata moto kupita kiasi kinatoa hewa ambayo wewe huisikii ila ndege inamuua. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama yetu. Hewa inapita upande mmoja bila kurudi, ikisukumwa na vifuko vilivyosambaa mwilini, na ndiyo maana wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wadogo vizimbani, akianguka ndege wanajua kuna sumu. Wameachana na desturi hiyo mwaka 1986 tu, juzi juzi. Na parachichi! Parachichi ambalo kwetu ni mboga, ni tunda, ni dawa ya kila kitu, kwa kasuku ni sumu. Mjomba hakuamini, akasema ndege gani anakataa parachichi. Ilibidi nikae naye kwenye mlo kama askari.

Jambo ambalo hatukuweza kulipangia ni umeme. Kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha moto, na nilikuwa nimemtengenezea boksi lenye joto la nyuzi 28 hivi kwa balbu ya zamani ya wati 40, iliyowekwa upande mmoja ili akiona joto limezidi asogee. Hata hiyo balbu ilinizungusha Kariakoo nusu siku, siku hizi ni hizi nyeupe zisizotoa joto. Usiku mmoja wa katikati ya Julai niliamshwa na kimya. Friji limenyamaza. Sijui umeme ulikuwa umekatika saa ngapi. Najua watu wa Njombe wanacheka tukisema Dar kuna baridi, lakini nyuzi 19 au 20 kwa kiumbe cha gramu themanini kilicho uchi ni baridi kweli. Nilipoingiza mkono ndani ya boksi, hakufoka. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakufoka.

Nilitia maji ya chupa ya chai kwenye chupa mbili za maji, nikazifunga khanga, nikamweka katikati. Nilikuwa naangaza kwa tochi ya simu, naona mwili hautikisiki. Nikasikia mlango. Mama alisimama pale muda, halafu akakaa sakafuni, akanyoosha mkono. "Lete."

"Mama, hizi chupa..."

"Maji ya moto yanapoa. Mtu hapoi."

Akamchukua, akamtia kifuani ndani ya khanga, ngozi kwa ngozi, akaegemea ukuta. Alimshika kwa namna ambayo nilijua si mara yake ya kwanza kushika kitu kidogo hivyo. Nikamwuliza alijifunzia wapi. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Kaka yako," alisema. "Alizaliwa njiti, miezi saba. Tulikuwa tunamweka hivi."

Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Hivyo ndivyo nilivyojua miaka ishirini na nne.

"Aliishi siku kumi na moja," mama alisema, na hakusema lingine, na mimi sikuuliza. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Malipo alikuwa anapumua. Mama alinirudishia, akaenda kutawadha.

Asubuhi gole lilikuwa bado limejaa chakula cha usiku. Lilikuwa la baridi, na ukiligusa ni kama kifuko cha unga mbichi. Hakuomba chakula. Nilikimbia na boksi mpaka kwenye kibanda cha dawa za kuku, nikamsubiri kijana afungue. Akasema neno ambalo ningependa kila mwenye kinda alijue: usimlishe juu ya chakula kilicholala. Chakula kinachochacha ndani ya gole ni shamba la fangasi. Kwanza joto, maana bila joto tumbo halifanyi kazi. Halafu maji kidogo ya uvuguvugu (kwa namba, siyo kwa neno), na kidole kinachopitapita taratibu juu ya gole kulainisha. Halafu akanipa nystatin, dawa ile ile wanayopewa watoto wachanga wakiwa na utando mweupe mdomoni, akanipimia kiasi. Siku hiyo sikula. Saa tisa mchana Malipo alijisaidia, na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha sita, niliita nyumba nzima ije kuona.

Siku ya kumi na mbili tangu aje kwetu nilichelewa kuamka. Nilipokurupuka nikamkuta mama jikoni, kipimajoto mkononi, anakisoma kwa mbali bila miwani. "Arobaini," alisema. "Homa imeshapanda. Mlete huyo."

Baada ya hapo ndipo nikawa na nafasi ya kuyafikiria maneno ya mzee. Atakuona wewe ndiye mama. Mimi nasema yale maneno ni ya biashara. Kinda wa siku ishirini hakuchagui wewe. Yeye anaona njaa na anaona bomba la sindano. Aliyekuwa anampenda alibaki Upanga amesimamisha kishungi mlangoni. Na ukisema umtoe kwa wazazi ili azoee watu, kuna wafugaji wanaowaachia wazazi walishe wenyewe, wao wanaingiza mkono kila siku kumshikashika kinda na kumrudisha, na anakua hajui kumwogopa mtu. Inachukua muda, na haipandishi bei haraka. Ila kumuuzia mtu ambaye hajawahi kufuga hata njiwa kiumbe asiyejua kula, pamoja na neno vuguvugu, hilo si jambo la kufanywa. Kinda asiuzwe mpaka ale mwenyewe. Wangapi wanafia kwenye maboksi mitaani na mwenye nyumba anasema "alikuwa na bahati mbaya tu"?

Wageni walipoanza kusikia tuna kasuku, wote walikuja na swali moja: "Anaongea?" Hakuna aliyeuliza kama anakula. Wengi walikuwa wanamfikiria yule mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa misitu ya Congo na Uganda mpaka Minziro kule Kagera, ambaye amekamatwa na kusafirishwa kwa wingi hivi kwamba tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umezuia biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Kuongea kwake ndiko kulikomponza. Kulikuwa na mmoja wa aina hiyo, Alex, aliyenunuliwa dukani Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, akaishi naye miaka thelathini mpaka alipokufa Septemba 2007. Alijifunza maneno zaidi ya mia, na si ya kukariri. Ukimwonyesha sinia la vitu anakuambia rangi, umbo, na idadi mpaka sita, na visipokuwepo anasema hakuna. Basi zile kejeli za darasani hazikuwa na msingi hata kwa kasuku.

Lakini Malipo hakuwa na habari na maneno. Alipofika wiki ya tano manyoya yalikuwa yamejaa, akawa anashika ukingo wa boksi na kupiga mabawa mpaka karatasi zangu zinaruka. Halafu uzito ukaanza kushuka. Alikuwa amefika gramu 96. Kesho 94. Keshokutwa 91. Anageuza uso mbele ya bomba. Nilipofika 87 nilirudi kwa yule kijana nimebeba daftari. Akasoma kurasa zote, pamoja na beti ambazo hazikumhusu, akasema: anataka kuruka. Kinda akikaribia kuruka anapunguza mwili, kama sehemu ya kumi hivi, na hamu ya kulishwa inapungua. Kama angezidi hapo, ndiyo tungeanza kuogopa. Siku mbili baadaye Malipo aliruka kutoka kwenye boksi, akapita juu ya televisheni, akajigonga kwenye pazia na kubaki ananing'inia humo, mwenyewe haamini.

Kumwachisha ni sura nyingine. Mama analo neno la kwao Tanga, kulikiza, na alikuwa na msimamo: "Mtoto halikizwi kwa kalenda." Wauzaji wengine wanafanya hivyo hivyo kwa kalenda. Wiki ya saba wanaficha bomba na kuweka bakuli la mbegu, na kinda anakufa njaa bakuli limejaa mbele yake, kwa sababu kuona chakula na kujua kwamba kile ni chakula ni mambo mawili. Sisi tulimwagia chakula sakafuni kabla hata hajawa na hamu nacho: mchicha uliokatwakatwa, karoti iliyochemshwa, kiini cha yai, wali. Wiki nzima alikanyaga. Halafu akaanza kuokota na kutupa. Mdogo wangu akasema ndege ana kiburi, lakini kutupa ndiko kujifunza. Anapima uzito, anapima ladha, anajua kipi kinavunjika. Shangazi akaleta masuke ya uwele kutoka Dodoma, tukatundika moja ukutani. Malipo alilipigia kelele siku mbili. Ya tatu nikasikia kitu kama mchanga unadondoka, nikageuka: amefumba macho nusu, anapukuchua punje moja moja, maganda yanaanguka kwenye karatasi yenye ubeti wa thelathini na moja wa shairi la mtu mwingine.

Mlo wa mchana ukaondoka wenyewe, halafu wa jioni, halafu wa alfajiri. Wa saa nne usiku uligoma. Mchana kutwa anakula kama mkubwa, ikifika saa nne anainama, anatetemesha mabawa na kutoa ile sauti ya kukwaruza ya kitoto. Hata porini, wazazi wanaendelea kuwalisha kwa muda waliokwisha kutoka kiotani. Nikampa. Gole lilikuwa limejaa mbegu, alikunywa mililita mbili tu, halafu akalala begani kwangu. Ikawa hivyo kama siku kumi. Mwishoni mwa Agosti nikatayarisha uji, ukashikwa na homa, nikagonga kijiko, nikamletea. Aliuma ncha ya bomba, akalivuta kutoka mkononi mwangu na kulitupa chini ya meza. Nilimngoja. Akapanda juu ya suke la uwele, akanigeuzia mgongo.

Uji ule niliumwaga. Bomba mama aliliosha, akaliweka kwenye kabati la vyombo vizuri, pamoja na vikombe vya wageni.

Sasa ana miezi minne. Mashavu yamekolea na uso umekuwa wa njano, kwa hiyo ni dume. Anazomea paka wa jirani, anakula kona za daftari langu, na usiku gari likipita na taa zake akishtuka anapapatika kizimbani mpaka niamke nimsemeshe. Neno halijamtoka hata moja. Wageni wakiuliza nawaambia bado. Ila wiki iliyopita mama alikuwa anapanga mchele, mimi niko mezani naandika, tukasikia kijiko kinagongwa kwenye kikombe mara tatu. Mama akaniangalia, mimi nikamwangalia. Jikoni hakuna mtu. Malipo yuko juu ya bakuli lake la bati, kishungi juu, akainama akaligonga tena kwa mdomo: mara tatu, kwa mwendo ule ule, akasubiri.

"Anataka nini huyu?" mama akauliza, na tayari alikuwa ameshaweka ungo chini.